Ujumbe unaochomoza kwenye simu na kupotea: nani anausema, na uuamini kiasi gani?

Tuanze mnadani. Mzee ameuza mbuzi watatu kwa shilingi 360,000. Mnunuzi ni kijana mwenye simu janja, anasema hana pesa taslimu, atalipa kwa simu. Anabonyeza hapa na pale, kisha anaigeuza simu na kumwonyesha muuzaji. "Mzee, shikamoo tena, angalia mwenyewe, imeshaenda." Kwenye kioo kuna kisanduku kidogo chenye maneno "Muamala umefanikiwa." Mzee anasogeza macho karibu, na kabla hajamaliza kusoma, kisanduku kimepotea. "Meseji yako itafika, leo mtandao unasumbua." Mbuzi wanapakiwa kwenye kirikuu na gari linaondoka.

Meseji haifiki jioni ile, wala kesho yake.

Huu ni mfano tu, lakini kila aliyewahi kuuza kitu kwa malipo ya simu ataujua. Yule mzee hakudanganywa na meseji ya uongo wala hakupigiwa simu na tapeli. Aliona kitu kwenye kioo cha simu ya mtu mwingine, kwa sekunde mbili au tatu, akakichukua kama risiti. Ndiyo sababu tumeona tueleze kwa kirefu ujumbe huu mfupi unaojitokeza wenyewe kwenye simu: unatoka wapi, unakaa muda gani, na ni upi unaoweza kuuwekea pesa yako.

Kioo kimoja, wasemaji wengi

Kinachowachanganya watu wengi ni kwamba ujumbe wote huo hutokea mahali pamoja. Kioo ni kimoja, herufi zinafanana, na kisanduku hakisemi kila mara "mimi natoka kwa fulani". Lakini nyuma ya kioo kuna wasemaji tofauti kabisa.

Wa kwanza ni programu uliyoifungua wewe, kwa mfano ya benki, ya bei za mazao, au ya kutumiana picha. Wa pili ni kampuni ya simu, inayozungumza kupitia laini yako, kama unapopiga menyu ya nyota na reli. Wa tatu ni simu yenyewe, inayokuuliza kama unaruhusu programu fulani kutumia kamera au kuona majina uliyohifadhi. Na wa nne ni mgeni ambaye hukumwita: tovuti uliyoipitia mara moja, ukabonyeza "Ruhusu" bila kusoma, na tangu siku hiyo inakuletea matangazo.

Ukishaweza kujiuliza "nani anasema hapa?", sehemu kubwa ya kazi umeimaliza. Simu ya kitochi haina msemaji wa kwanza wala wa nne, au inao kwa uchache sana, na kwa jambo hili mwenye kitochi ana nafuu kuliko mwenye simu ya bei kubwa.

Tosti: kisanduku cha sekunde mbili

Kile kisanduku alichoonyeshwa mzee mnadani, kinachotokea na kufifia chenyewe bila kuguswa, watengenezaji wa programu za Android hukiita tosti. Jina limetokana na mashine ya kuchomea mkate: kipande kinaruka juu, unakiona, basi. Tosti ipo kwa ajili ya habari ndogo ndogo. "Picha imehifadhiwa." "Namba imenakiliwa." "Hakuna mtandao."

Android inampa mtengenezaji muda wa aina mbili tu kwa tosti: mfupi, yapata sekunde 2, na mrefu, yapata sekunde 3 na nusu. Hakuna wa tatu. Kwa mtu aliyezoea kusoma gazeti kila siku hiyo inatosha. Kwa anayesoma polepole, au aliyeacha miwani nyumbani, au aliyesimama juani ambako kioo hakionekani vizuri, haitoshi. Kwa hiyo usijilaumu ujumbe ukikupita. Haukupangwa kwa kukufikiria wewe.

Tosti haiachi alama. Haiingii kwenye meseji zako, na ukishaikosa huna pa kwenda kuitafuta. Ukiigusa haifanyi chochote.

La kushika zaidi ni kwamba maneno ya tosti yanaandikwa na aliyetengeneza programu, neno kwa neno. Akitaka iseme "Muamala umefanikiwa", itasema. Akitaka iseme "Rais amekupigia", itasema hivyo pia. Simu haichunguzi kama ni kweli, kama vile ubao wa kuandikia usivyochunguza chaki. Kijana mwenye ujuzi wa wiki chache anaweza kutengeneza programu yenye rangi zinazofanana na za huduma halisi ya pesa, ambayo kazi yake ni moja tu: kuonyesha kiasi chochote unachoandika na kusema kimetumwa. Haijaunganishwa na benki wala kampuni yoyote. Ndiyo maana tunasema kinachoonekana kwenye simu ya mnunuzi hakimhusu muuzaji hata kidogo. Chako ni kile kilichofika kwenye simu yako.

Android 12, iliyotoka mwaka 2021, ilileta jambo dogo la msaada. Kwa programu zilizotengenezwa kuifuata Android hiyo, pembeni ya maneno ya tosti huonekana alama ya programu inayosema, na maneno hayazidi mistari 2. Kama una simu ya karibuni, zoea kuitazama ile alama ndogo. Ukiona alama ya programu ya tochi halafu maneno yanahusu akaunti yako ya benki, ujue pana kasoro. Simu za iPhone hazina tosti ya namna hii kutoka kwenye mfumo wenyewe. Kila programu hujichorea ya kwake, kwa hiyo huko alama usiitegemee.

"Imehifadhiwa", lakini wapi?

Si kila ujumbe unaopotosha umetoka kwa mwizi. Mwingine unatoka kwa mtengenezaji mwaminifu aliyeandika maneno machache mno.

Fikiria mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejaza taarifa za kaya kwenye simu, kijiji ambacho mtandao unapatikana ukipanda kilimani. Anamaliza fomu, anabonyeza, kinatokea kisanduku: "Imehifadhiwa." Anafunga simu na kwenda kaya inayofuata. Lakini imehifadhiwa wapi? Mara nyingi maana yake ni kwamba taarifa imebaki ndani ya simu, ikisubiri mtandao. Simu ikianguka mtoni siku hiyo, au mtu akaifuta programu ili kupata nafasi, kazi yote imekwenda. Mkulima anayejiandikisha kwa simu kupata pembejeo anaweza kukutwa na jambo hilo hilo, akalijua siku ya mgao jina lake likikosekana.

Hapa WhatsApp inatufundisha vizuri, maana wengi wetu tunaitumia. Ukituma ujumbe bila mtandao, pembeni yake inaonekana saa ndogo: bado uko kwenye simu yako. Tiki moja ni kwamba umetoka na kufika kwenye mitambo ya WhatsApp. Tiki mbili, umefika kwenye simu ya mwenzako. Safari moja, vituo vitatu, na kila kituo kina alama inayobaki pale pale ukirudi kuitazama kesho. Neno "imehifadhiwa" lenyewe halikuambii uko kituo gani. Kwa hiyo programu yoyote yenye jambo zito, tafuta ndani yake orodha ya "zilizotumwa" au "zinazosubiri". Kama orodha hiyo haipo, muulize aliyekupa programu, na usione haya.

Jambo jingine dogo. Mtu akibonyeza kitufe mara nyingi kwa haraka, tosti zinaweza kupanga foleni na kuendelea kutokea moja baada ya nyingine hata baada ya kidole kuondoka. Wengi huogopa kwamba fomu au pesa imetumwa mara tano. Huenda ndivyo, huenda sivyo. Tosti haiwezi kukupa jibu hilo. Angalia orodha au salio, na usibonyeze tena.

Menyu ya nyota na reli

Sasa tuje kwa kampuni ya simu. Ukipiga *150*00# ya M-Pesa, *150*60# ya Airtel Money, *150*01# iliyokuwa ya Tigo Pesa na sasa Mixx by Yas, au *150*88# ya HaloPesa, kisanduku kinachotokea hakitoki kwenye programu uliyopakua. Ni mazungumzo ya moja kwa moja kati ya laini yako na mitambo ya kampuni, na ndiyo sababu yanafanya kazi hata kwenye kitochi kisicho na bando. Kila ukurasa wa menyu hiyo unabeba herufi zisizozidi 182, ndiyo maana maneno yake yamefupishwa hadi mengine hayaeleweki.

Mazungumzo haya yana muda. Ukichelewa kujibu, yanakatika. Na hapa watu wengi hupoteza pesa bila tapeli yeyote kuwepo. Umeandika namba, umeandika kiasi, umeingiza namba ya siri, umebonyeza kutuma, mara kioo kinarudi kitupu au yanatokea maneno ya tatizo la muunganisho yenye herufi MMI. Unafanya nini? Wengi hurudia palepale. Dakika mbili baadaye zinaingia meseji mbili: pesa imekwenda mara mbili.

Kilichokatika ni mazungumzo. Agizo lako linaweza kuwa lilishapokelewa kabla hayajakatika. Kwa hiyo ukikatikiwa baada ya kuingiza namba ya siri, subiri meseji, kisha angalia salio. Salio likiwa vilevile na meseji haipo, hapo ndipo urudie. Ukikatikiwa kabla ya namba ya siri, hakuna kilichotumwa, anza upya bila wasiwasi.

Kisanduku kinachodai namba ya siri

Huyu anastahili kuzungumziwa peke yake, maana ndiye mkali kuliko wote.

Siku hizi ukinunua tiketi ya basi au kulipia kitu mtandaoni, huhitaji kupiga menyu. Muuzaji anaingiza namba yako kwenye mfumo wake, na kwenye simu yako kinachomoza kisanduku: lipa kiasi fulani kwenda kwa fulani, weka namba ya siri kuthibitisha. Ni huduma halali na rahisi. Shida ni kwamba anayehitajika kujua ili kisanduku kije kwako ni namba yako ya simu tu, na namba ya simu ya mtu si siri. Imeandikwa kwenye mlango wa duka na kwenye kundi la kikoba.

Tapeli anaweza kukupigia akijifanya mtu wa huduma kwa wateja au wakala aliyekosea kutuma. "Mama, kuna pesa yako imekwama hapa, nakutumia ujumbe sasa hivi, weka namba ya siri uipokee." Kweli kisanduku kinachomoza, na kinatoka kwa kampuni halisi. Hapo mtu husadiki kabisa. Lakini ukisoma maneno yenyewe, utaona kinasema lipa, hakisemi pokea.

Kupokea pesa kwenye simu hakuhitaji namba ya siri. Pesa huingia ikiwa simu imezimwa, ikiwa umelala, ikiwa umesahau namba yako ya siri miezi sita iliyopita. Namba ya siri ni ya kutuma, kulipa, kutoa kwa wakala na kuangalia salio. Kisanduku kikichomoza ambacho hukukianzisha wewe, bonyeza kughairi, au kiache kijifie chenyewe. Ukikosea kughairi malipo halali, muuzaji atakutumia tena, hakuna hasara.

Na hata kama umekianzisha wewe, soma mambo mawili kabla ya kuingiza namba: kiasi, na jina la anayelipwa. Kama herufi ni ndogo na humuoni mtu unayemwamini wa kukusomea, ni heri uache ukalipe kwa njia nyingine. Kumpa mpita njia simu akusomee, kisha akuingizie na namba ya siri, ni sawa na kumpa pochi.

Ujumbe wa ghafla usiobaki kwenye meseji

Wakati mwingine kisanduku kinafunguka katikati ya kioo bila wewe kupiga chochote na bila programu yoyote kufunguliwa: "Bando lako limebaki MB kadhaa", au tangazo la mchezo wa kubahatisha. Ni meseji ya kawaida iliyowekewa alama ya kuonyeshwa papo hapo badala ya kuingia kwenye kisanduku cha meseji. Simu nyingi haziihifadhi usipochagua kuihifadhi. Ukibonyeza sawa, imepotea.

Kwa salio la bando hilo si tatizo. Lakini ujumbe wa aina hii ukikutaka upige namba fulani au ubonyeze 1 ili "kuthibitisha", jihadhari, maana huenda unajiunga na huduma ya kulipia inayokukata kila siku. Ukiona salio la vocha linapungua bila kupiga simu, piga 100 uulize ni huduma zipi umeunganishwa nazo, uombe zikatwe zote.

Arifa: zile zinazokaa juu

Arifa ni ndugu wa tosti mwenye kumbukumbu nzuri zaidi. Inashuka kutoka juu ya kioo, inaonekana kidogo, kisha inabaki kwenye orodha unayoivuta kwa kidole kutoka juu kwenda chini. Ina alama ya programu, jina lake na muda iliopokelewa.

Tazama muda huo. Simu ikiwa haina data, arifa zinazotumwa kupitia intaneti husubiri huko ziliko. Kwa mfumo unaotumiwa na programu nyingi za Android zinaweza kusubiri hadi wiki 4. Ukiwasha data sokoni siku ya Jumamosi, zinamiminika zote kwa pamoja, na ile ya "bei ya mahindi leo" inaweza kuwa ya Jumanne. Simu iliyowekwa kwenye hali ya kubana chaji huzichelewesha pia.

Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu mpya lazima ikuombe ruhusa kabla ya kuanza kukuletea arifa. Una haki ya kukataa, na programu nyingi zitaendelea kufanya kazi. Kwenye Android 8 na zaidi, ukibonyeza arifa kwa muda mrefu bila kuachia utaona nafasi ya kuizima, na mara nyingi unaweza kuzima aina moja, kwa mfano matangazo, ukaacha zile za muhimu.

Arifa za tovuti ndizo zenye uchafu mwingi. "Simu yako ina virusi 13!" "Umeshinda gari!" Hizi kwa kawaida zinapitia kwenye programu ya kuperuzi, kama Chrome, baada ya kubonyeza "Ruhusu" ili eti uone video ya mpira. Tovuti haina uwezo wa kupima virusi kwenye simu yako. Fungua mipangilio ya Chrome, ingia sehemu ya arifa, zima kila tovuti usiyoijua. Kelele zitaisha siku hiyo hiyo.

Kisanduku kinachofunika kingine

Mwaka 2017 watafiti wa usalama wa kampuni ya Palo Alto Networks walionyesha jambo la kushangaza kuhusu tosti. Kwenye Android za kabla ya 8, tosti haikuhitaji ruhusa ya mwenye simu ili ionekane juu ya programu nyingine, na mtengenezaji mbaya aliweza kuifanya iwe kubwa hadi ikafunika kioo kizima. Mtu anaona kitufe cha "Endelea", anakibonyeza, kumbe chini yake kidole kimegusa kitufe kingine kinachoipa programu mamlaka juu ya simu yote. Google walitoa marekebisho mwezi Septemba mwaka huo.

Kwa nini tunakumbusha jambo la zamani? Kwa sababu simu za zamani bado ziko mikononi mwa watu, zinauzwa zikiwa zimetumika, na nyingi hazikupata marekebisho yale. Kama simu yako ni Android 7 au chini ya hapo, ni vyema pesa uendeshe kwa menyu ya nyota na reli, na usipakue programu inayotumwa kama faili kwenye makundi ya WhatsApp.

Kwenye simu mpya zaidi mlango ule umefungwa, lakini matapeli hubisha hodi mlangoni kwingine: wanakuomba wewe mwenyewe ufungue. Ruhusa mbili zitazame kwa jicho kali. Moja ni ya programu kujionyesha juu ya programu nyingine. Ya pili ni ya ufikivu, ambayo iliwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu na inaweza kuiruhusu programu kusoma kioo chote na kubonyeza kwa niaba yako. Programu ya kukopesha au ya mchezo ikiomba ufikivu, ikatalie na uifute.

Ukipitwa na maneno

Kuna mambo machache ya kusaidia. Kwenye simu nyingi, kubonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti kunapiga picha ya kioo. Kwa tosti lazima uwe mwepesi, na programu nyingi za benki zimezuia picha hiyo, lakini kwa ujumbe wa makosa unaojirudia inafaa sana. Unaipeleka kwa fundi akasome mwenyewe.

Android 11 na zaidi ina historia ya arifa ndani ya mipangilio. Ukiiwasha, utaona arifa za saa 24 zilizopita hata ulizozifuta kwa bahati mbaya. Tosti hazimo.

Na kwa wale wanaosoma polepole: kuanzia Android 10, ndani ya mipangilio ya ufikivu kuna sehemu ya kuongeza muda ambao ujumbe wa kupita hukaa kwenye kioo, kuanzia sekunde 10 hadi dakika 2. Majina ya menyu hutofautiana kati ya simu na simu, na kuna watengenezaji walioificha, hivyo mwombe kijana wa nyumbani akutafutie. Hatuelewi kwa nini jambo la maana hivi limefichwa chini namna hiyo. Kwa wasioona, kisomaji cha TalkBack hutamka maneno ya tosti inapotokea.

Neno kwa vijana wanaotengeneza programu

Tunajua baadhi yenu mnatusoma, na wengine mnatengeneza programu za vikoba, za vyama vya ushirika na za shule. Kuonyesha tosti ni mstari mmoja wa msimbo, na kila anayeanza amewahi kusahau sehemu ya mwisho ya kuiamuru ionekane, akashinda mchana kutwa akiitafuta. Ugumu hauko hapo.

Ugumu ni kuchagua cha kusema kwa tosti na cha kutosema. Pesa, usajili, dawa, majina ya watu: haya yakae kwenye ukurasa wenye kitufe cha "Nimesoma", na rekodi ibaki. Kama mtumiaji anaweza kutaka kutengua, kama vile amefuta jina la mwanachama, mpe ukanda chini ya kioo wenye neno "Rudisha". Andika kituo taarifa ilikofika: "Imehifadhiwa kwenye simu hii. Itatumwa mtandao ukirudi." Ni maneno saba badala ya moja, lakini yatamwokoa yule mhudumu wa kilimani. Na kosa likitokea msimwandikie mtu "Hitilafu 500". Mwambieni afanye nini: asubiri, ajaribu tena, au aende kwa katibu.

Kama pesa imeshakwenda

Muda ndiyo mali. Piga 100, namba ya huduma kwa wateja ya mitandao yetu, kabla aliyepokea hajatoa pesa kwa wakala. Usipige namba aliyokuachia mtu aliyekupigia. Uwe na namba ya kumbukumbu ya muamala, kiasi, saa na namba iliyopokea; usifute meseji hata kama inakuudhi kuitazama. Namba ya tapeli iripoti kupitia 15040. Kisha nenda kituo cha polisi ukachukue RB, maana bila hiyo ufuatiliaji hauendi mbali. Hakikisha pia hakuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako: piga *106#.

Wasikilizaji wetu wa upande wa Kenya wanaotumia Safaricom hupeleka namba ya tapeli kwenda 333, na aliyetuma M-Pesa kimakosa huelekeza ile meseji ya muamala kwenda 456.

Kwa muuzaji wa mbuzi, utaratibu wa mnadani uwe huu. Mnunuzi akisema ametuma, mwambie asante, nasubiri. Usitazame simu yake. Meseji ikifika kwako, soma kiasi, jina na salio jipya. Ikiwa imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu badala ya jina la huduma, ni ya kughushi. Na kwa kuwa hata jina la huduma linaweza kuigwa, piga menyu mwenyewe uangalie salio. Likiwa limeongezeka shilingi 360,000, fungua kamba za mbuzi. Akisema ana haraka, gari linamsubiri, mwache aende na gari lake, mbuzi wabaki.